Askari Aliyechoma Ghala

Jioni ya leo nataka tuzungumze juu ya hadithi za kubuni zinazosimulia vita vya wakoloni katika nchi yetu, na hasa juu ya mtu mmoja ambaye waandishi wengi humpitia kando. Mtu huyo ni askari. Simsemi ofisa wa Kijerumani mwenye kofia na masharubu. Huyo tunamfahamu, kila igizo la shule linaye. Namsema askari mweusi aliyetumwa na ofisa yule, akaingia kijijini alfajiri, akawafukuza watu porini, kisha akalitia moto ghala la mtama.

Tukumbushane kwanza vita vyenyewe, vita vya Maji Maji. Mwezi Julai 1905, huko Nandete katika milima ya Umatumbi, watu waliingia katika shamba la pamba wakaanza kuing'oa. Pamba ile ilikuwa imelimwa kwa amri. Tangu 1902 serikali ya Kijerumani ilitaka kila kijiji katika sehemu za pwani na kusini kiwe na shamba la pamoja, watu walime zamu kwa zamu chini ya jumbe, na jumbe awe chini ya akida. Siku ulizolima pamba ya serikali ndizo siku ambazo shamba lako la chakula lilimea majani. Malipo yalipokuja yalikuwa madogo mno hata wengine walikataa kuyapokea. Na kodi ya nyumba, iliyoanza 1898, ilikuwa inakungoja pale pale. Ukichelewa kazini, kiboko. Ukijibu, kiboko. Watu walikizoea kipimo chake hata kikapata jina, hamsa ishirini.

Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe aliyegawa maji ya dawa ya kuzuia risasi, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Vita vilikuwa havijafikisha hata mwezi. Kamba haikuvizima. Vilikwenda Liwale, vikaenda Mahenge, vikafika Ungoni, watu wa makabila yaliyokuwa hayajawahi kushika mkuki upande mmoja wakasimama upande mmoja. Haya yote tuliyasoma. Tuliulizwa kwenye mtihani tutaje sababu za kushindwa kwetu, tukaandika kwamba maji hayakuzuia risasi, tukapata alama zetu, tukafunga daftari.

Lakini ziko hesabu tatu ambazo ningependa uzitazame pamoja. Upande wa Wajerumani, Wazungu waliouawa katika vita vile walikuwa 15. Askari weusi na rugaruga, yaani wapiganaji wenyeji wa kuwasaidia, waliouawa wakipigana upande huo huo walikuwa 389. Na Waafrika waliokufa kwa jumla, hesabu ya serikali ya Kijerumani yenyewe ilisema 75,000, na Mtanzania Gilbert Gwassa, aliyevichunguza vita hivi kwa miaka, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Zitazame tena. Wajerumani walikuwa wachache mno katika nchi kubwa kama hii. Hawangeweza kuifanya kazi ile kwa mikono yao. Mikono iliyoifanya ilikuwa mieusi.

Na wengi wa wale maelfu hawakufa kwa risasi, walikufa kwa njaa. Njaa ile haikuletwa na ukame. Kapteni mmoja, Wangenheim, alimshauri gavana kwamba mapigano peke yake hayatoshi, kitakachowatiisha watu kabisa ni njaa na ufukara. Gavana, Gustav Adolf von Götzen, akakubaliana na njia hiyo, na baadaye akaeleza vita vyake katika kitabu kilichochapwa 1909, bila kuona haja ya kuficha. Vikosi vilipita kijiji kwa kijiji vikichoma nyumba, vikichukua mavuno, na kile kisichobebeka kikatiwa moto. Kazi hiyo ilihitaji watu wa kujua maghala yalipo, wa kujua kwamba mtama hufichwa hata mapangoni na kwamba mbegu haziwekwi pamoja na chakula. Mzungu aliyeshuka melini juzi angeyajulia wapi hayo?

Hapa ndipo ninapokuja kwenye fasihi, maana hapa ndipo ninapoiona fasihi yetu imesimama mlangoni, haijaingia ndani.

Kazi kubwa ya Kiswahili juu ya Maji Maji ni Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, tamthilia iliyotoka 1969. Mwaka mmoja kabla yake, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa wamekwenda vijijini kuwahoji wazee waliokuwa bado hai, wakaandika maneno yao. Hussein hakutaka kuigeuza historia kuwa maigizo tu. Mwenyewe alieleza kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha ubunifu, si yule wa Ngarambe. Na alichokibuni kina nguvu mpaka leo. Ni kiongozi aliyewapa watu imani, halafu imani ikamponyoka mikononi, wao wakiwa na haraka ya kupigana na yeye akiwa na mashaka. Mwisho Wajerumani wanamtaka aseme maji yalikuwa uongo, naye anakataa. Nimeiona tamthilia hii ikichezwa na vijana wa sekondari ambao hawakuwa na jukwaa wala taa, na bado ukumbi ulinyamaza kimya pale anapokataa. Nchi iliyokuwa na umri wa miaka minane tu tangu uhuru ilihitaji hadithi ile, hadithi ya watu wanaoungana.

Lakini hebu jiulize, katika Kinjeketile askari yuko wapi? Yumo, na kiboko chake. Anaingia, anapiga, anatoka. Hana mama. Hana kijiji. Hatujui alilala wapi usiku ule baada ya kupiga. Simlaumu Hussein, kwa sababu tamthilia yake inamhusu mtu mwingine na swali jingine. Ninachosikitikia ni kwamba baada yake tuliendelea kumwacha askari vile vile kwa miaka mingi. Mugyabuso Mulokozi alitupa Mukwava wa Uhehe, tamthilia nyingine nzito, na katika hiyo pia macho yetu yako kwa mtawala anayekataa kupiga magoti. Mashujaa wetu tumewaandika. Waliowashika mashujaa wetu, wakawafunga kamba, wakawapeleka kwenye mti wa kunyongea, hao hatujawaandika.

Aliyemwandika askari kwa ukamilifu ni Mzanzibari aliyeishi na kufundisha Uingereza, Abdulrazak Gurnah. Alipopata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, wengi wetu tulifurahia jina lake kabla hatujafungua kitabu chake. Sasa kiko kimoja kwa Kiswahili, Peponi, kilichofasiriwa na Ida Hadjivayanis na kuchapwa na Mkuki na Nyota, kwa hiyo kisingizio cha lugha kimepungua. Ndani yake yumo kijana Yusuf, aliyewekwa rehani na baba yake kwa mfanyabiashara aliyemdai. Anasafiri na msafara kwenda bara, anaona mengi, na mwishoni kabisa, kikosi cha Mjerumani kinapopita kikikusanya watu wa kwenda vitani, Yusuf anakimbia kukifuata. Wasomaji wengi huudhika na mwisho huo. Inakuwaje mtu anayetafuta uhuru akimbilie jeshi la mkoloni?

Gurnah alilibeba swali hilo kwa miaka zaidi ya ishirini, akalijibu katika Afterlives, riwaya iliyotoka 2020. Humo yumo Ilyas, ambaye utotoni alitekwa na askari, kisha akaokolewa na ofisa wa Kijerumani na kusomeshwa kwenye misheni. Watu barazani wanapoyataja mauaji ya Wajerumani, Ilyas hashawishiki, kwa maana wema pekee aliowahi kuonja ulitoka mkononi mwao. Vita vya 1914 vinapoanza anajiandikisha mwenyewe. Yumo pia Hamza, kijana aliyekuwa kwenye rehani, naye anaingia jeshini kwa kuwa hana kwingine pa kwenda. Ofisa anamchagua awe mtumishi wake, anamfundisha Kijerumani, anataka siku moja Hamza amsome Schiller, mshairi wa Kijerumani. Na ofisa huyo huyo amekuja kuitawala nchi ya Hamza kwa nguvu, anajua amekuja kwa sababu gani, na hana nia ya kuacha. Kwangu mimi sehemu hiyo inaeleza ubaguzi wa rangi kuliko ukurasa wowote wa kiboko. Ofisa anampenda Hamza, na upendo wake haumzuii kumwona kuwa kitu chake. Sajini wa Kijerumani aliye chini yake anauchukia upendo huo, na siku moja upanga wake ndio unaompasua Hamza nyonga. Mkarimu na katili wako kwenye jeshi moja, wanakula meza moja, na Hamza ndiye anayebaki na kilema.

Kinachonigusa zaidi kwa Gurnah ni kwamba hamsamehi askari na wala hamtupi. Anatuonyesha vijiji vilivyochomwa na kikosi cha Hamza. Anatuonyesha na msafara unaokifuata kikosi, wanawake, watoto, wapagazi, mji mzima unaotembea na kula chakula cha kila mahali unapopita. Ukimaliza kusoma, huwezi tena kusema askari ni msaliti ukaridhika, wala kusema alilazimishwa ukaridhika.

Na Ilyas amechukuliwa karibu na maisha ya mtu wa kweli. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akajulikana Ujerumani kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Baba yake alikuwa askari, na yeye mwenyewe aliingia katika jeshi la Wajerumani akiwa mtoto, wakati wa vita vya kwanza. Mwaka 1929 alifika Berlin, akaenda kudai mishahara ya baba yake na yake ambayo haikulipwa. Akakataliwa. Akabaki. Alifanya kazi ya kuhudumu mezani, akawa msaidizi wa kufundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza katika filamu. Filamu mojawapo ilikuwa ya kumtukuza Carl Peters, iliyotoka 1941 chini ya Hitler. Carl Peters ndiye yule ambaye wazee walimwita Mkono wa Damu, aliyewanyonga mtumishi wake Mabruk na binti aliyeitwa Jagodjo huko Kilimanjaro, hata serikali yake yenyewe ikamfukuza kazi mwaka 1897. Na mtoto wa Dar es Salaam, miaka karibu hamsini baadaye, akalipwa ili aigize kumtumikia mtu yule. Mwaka huo huo wa 1941 Husen alikamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke wa Kijerumani. Alipelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen bila kesi, akafia huko Novemba 1944.

Alipigania bendera ile tangu utotoni. Ubaguzi wa rangi haukuwa na kumbukumbu ya utumishi wake.

Msikilizaji, usidhani kwamba hadithi ya kubuni siku zote husimama upande wa aliyeonewa. Mwaka 1906, wakati maghala ya Ungoni yanaungua, Ujerumani ilikuwa inasoma riwaya ya Gustav Frenssen, Peter Moors Fahrt nach Südwest, juu ya kijana Mjerumani anayekwenda kupigana na Waherero katika nchi ambayo leo ni Namibia. Mauaji yale yaliyoagizwa mwaka 1904 na Lothar von Trotha, jenerali ambaye kabla ya hapo alitumikia huku kwetu Afrika Mashariki, yalipambwa humo yakawa wajibu mchungu wa kijana mwema. Kitabu kilisomwa sana, hata na watoto wa shule. Mtoto aliyekisoma mwaka ule aliweza kuwa mtu mzima wa miaka arobaini na kitu siku Husen alipokamatwa. Ilichukua hadi 1978 kwa mwandishi mwingine wa Kijerumani, Uwe Timm, kutoa riwaya ya Morenga, iliyopewa jina la kiongozi wa Wanama wa nchi hiyo hiyo, ambamo nyaraka halisi za jeshi zimepangwa katikati ya hadithi ili msomaji aone kwa macho yake jinsi karani anavyoandika kifo kwa lugha safi ya ofisi.

Hata sanamu ziliandikwa hadithi. Sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyewahi kuwa gavana wa Kijerumani huku kwetu, iliyosimamishwa Dar es Salaam enzi za Wajerumani, ilimweka Wissmann juu, na chini yake askari mweusi akimtazama. Waingereza waliiondoa, ikaishia Hamburg mbele ya chuo kikuu, mpaka wanafunzi walipoiangusha mwaka 1968. Lile jicho la askari linaloangalia juu kwa utii ndiyo hadithi ambayo mkoloni alitaka tuirithi. Sisi tulipoikataa, tulimkataa na askari pamoja nayo.

Sasa turudi kwenye njaa, kwa sababu njaa ndiyo sehemu nyingine iliyokosa mwandishi. Kunyonga ni rahisi kuandika. Kuna kamba, kuna umati, kuna maneno ya mwisho. Songea Mbano, jemadari wa Wangoni, na wenzake walinyongwa katika mji wa Songea mwezi Februari 1906, na kila mwaka mji ule huwakumbuka, na ni haki wakumbukwe. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda hapo hapo Songea mwezi Novemba 2023 akaomba radhi. Lakini mama aliyekufa porini mwaka 1907 hana tarehe. Alikufa polepole, vita vikiwa vimekwisha kwenye karatasi.

Watu wa kusini wanajua ndiga ni nini. Ni kiazi cha porini chenye sumu. Ukitaka kukila lazima ukimenye, ukikate vipande vyembamba, ukiloweke kwenye maji yanayopita kwa siku kadhaa, ukikaushe, ukitwange. Ukiharakisha, unakufa au unarukwa na akili kwa muda. Fikiria sasa mwanamke mwenye watoto watatu ambao hawajala, na ndiga imo mtoni, imebaki siku mbili. Mwandishi mwenye kipaji anaweza kukaa kwenye siku mbili hizo kwa kurasa arobaini, na hakuna bunduki hata moja itakayohitajika kulia, na msomaji atajua ukoloni ulivyoua kuliko atakavyojua kwa kuambiwa hesabu niliyoitaja mwanzo. Hesabu ile nilipaswa kuitaja. Lakini haimlizi mtu.

Na baada ya watu kufa au kuhama, msitu ulirudi. Mashamba yakawa vichaka, vichaka vikaleta mbung'o, mbung'o wakazuia ng'ombe na watu kurejea, tembo wakajaa. Sehemu kubwa ya ardhi iliyobaki tupu, kule Liwale na Umatumbi, iliingizwa hatimaye katika hifadhi ya wanyama ya Selous, iliyopewa jina la mwindaji Mwingereza aliyeuawa vitani Beho Beho mwezi Januari 1917. Tangu 2019 sehemu yake ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mgeni anayeizuru huambiwa anaona nyika isiyoguswa na binadamu. Nyika hiyo ilikuwa na vijiji. Hapo pana riwaya nzima inayomngoja mtu, riwaya ya mlinzi wa wanyama ambaye babu yake alizaliwa mahali ambapo leo yeye huwakamata watu kwa kuingia bila kibali.

Najua pingamizi linalokuja, maana nimeshaambiwa. Ukimwandika askari, wanasema, utataja na kabila lake. Utasema huyu alikuwa Mnyamwezi, yule Msukuma, yule Mmanyema. Utalazimika kusema kwamba Wahehe, miaka saba tu baada ya mtawala wao Mkwawa, yule Mukwava wa tamthilia, kujiua ili asishikwe na Mjerumani, walitoa wapiganaji wa kumsaidia Mjerumani huyo huyo dhidi ya Maji Maji. Utafufua chuki, wanasema, katika nchi iliyojitahidi sana kuizika.

Hofu hiyo naiheshimu, na waliokuwa nayo mwaka 1969 walikuwa na sababu nzuri kuliko sisi. Lakini nadhani haituamini vya kutosha. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali mwishoni mwa miaka ya 1870 na mwanzoni mwa miaka ya 1880, kabla ya Mjerumani kufika, na wajukuu wa vita hivyo leo ni watani. Mngoni akifiwa, Mhehe huja msibani akasema mambo ambayo ndugu wa damu hangethubutu kuyasema, akamtukana marehemu, akazuia jeneza mpaka apewe chochote, na watu waliokuwa wanalia wanacheka. Hao hawakusahau vita. Walivitafutia mahali pa kuvitaja kila mara, kwa sauti, mbele ya watu, bila mtu kushika panga. Mwandishi atakayemleta askari wa 1905 kwenye ukurasa kwa jina lake, kabila lake, mkewe aliyemfuata msafarani na mtama alioutia moto, asiwaogope wasomaji wa Songea na Iringa. Watabishana naye, watamsahihisha jina la mto na jina la jumbe, na wengine watakwenda kwa wazee wao kuuliza jambo ambalo hawakuwahi kuliuliza, kwamba babu yetu yule, katika vita vile, alikuwa upande gani.